Tulioishi Ziwani

Shamba letu kule Theta liliitwa Ziwani, na hakuna aliyeliita hivyo kwa kutupenda. Baba alilipata kwa kura, zamani zile watu walipokuwa wakiungana kununua shamba kubwa kisha kugawana vipande. Kila mwenye hisa alitia mkono kwenye kofia akatoa karatasi yenye nambari. Baba akatoa nambari ya bondeni kabisa, mahali ambapo maji ya mteremko wote hukutana kabla ya kuamua yaende wapi. Mama aliniambia kwamba waliotoa nambari za juu walicheka mpaka mmoja wao akaketi chini.

Udongo wa huko ni ule mweusi wa kunata. Wakati wa jua unapasuka nyufa ambazo mbuzi anaweza kuvunjikia mguu. Wakati wa mvua unakuwa uji mzito, unashika gambuti na kukuachia soksi. Baba alikuwa mchonga mawe kwenye machimbo ya Juja, mtu wa mikono mipana na maneno machache, na alijenga kwa matope na mabati kwa sababu mawe aliyoyachonga yalikuwa ya watu wengine.

Nilikuwa msichana wa shule ya msingi mvua ya El Nino ilipokuja. Ninachokikumbuka kwanza ni sauti ya ukuta wa jikoni ulipoanguka. Haukuanguka kwa kishindo, uliketi tu, kama ng'ombe anavyokunja magoti. Tulihamia chumba kimoja, sote pamoja na kuku, na maji yakabaki nje ya kizingiti siku baada ya siku yakingoja. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kaka yangu mdogo. Mtoto alianza kuhara, kisha akaacha kulia, na mama alipoona ameacha kulia ndipo alipoogopa.

Hakuna gari lililoweza kufika kwetu. Kitu pekee kilichopita kwenye matope yale kilikuwa trekta la jirani wa juu, mtu aliyekuwa na ng'ombe wa maziwa na mke mpya. Baba alipanda mteremko kumwomba atufikishe barabara ya Juja. Nilimfuata nyuma kwa sababu hakuna aliyenikataza. Jirani alikuja mlangoni na kikombe mkononi. Mke wake alisimama nyuma yake ameshika pindo la pazia.

"Mtoto wangu ni mgonjwa," baba akasema. "Nisaidie na trekta mpaka barabarani tu."

"Trekta litazama."

"Halitazama. Jana nimeliona likipita."

Yule mtu akanywa chai. "Na nani alikutuma ukachukue ziwa?" akauliza, na akacheka. Sidhani alikusudia kuua mtu. Ni utani ule wa kila siku, ameuzoea, ukamtoka. Lakini hakuenda kuliwasha trekta.

Baba alimbeba kaka yangu kifuani ndani ya koti la mvua, akashika njia kwa miguu. Walirudi jioni. Nilimwona mama akipokea lile koti na kulifungua, halafu akalifunga tena vizuri, vifungo vyote, kama anamwandaa mtu kwenda shule. Walimzika kwenye pembe ya juu ya shamba, mahali pekee palipokuwa na udongo wa kushikika.

Kuanzia hapo baba alibadilika. Hakuwa mlevi wala hakuondoka nyumbani, na pengine ingekuwa heri. Alichofanya ni kujenga. Kila jioni alitoka machimboni na mawe yaliyokataliwa kwa kuwa na kasoro, moja begani au mawili kwenye baiskeli. Mpaka namaliza shule tulikuwa na nyumba ya mawe yenye msingi mrefu kuliko nyumba zote za pale, na ngazi za kupandia mlangoni. Kisha akachimba kisima. Bondeni hakuhitaji kwenda mbali sana. Alifika kwenye maji ambayo kwenye mashamba ya juu watu waliyatafuta kwa mashine wakayakosa. Akakijengea ukingo, akakifunika kwa chuma, na kwenye chuma akatia kufuli. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake pale ambapo wengine wanaweka rozari.

Yule jirani wa trekta alikufa mapema, kwa ugonjwa wa moyo, akamwacha mjane wake na ng'ombe. Baba hakwenda mazishini. Siku hiyo alikata majani ya nepia.

Mimi niliolewa, nikaachika, nikafanya kazi ya kushona kwenye kiwanda kimoja Ruiru mpaka kikapunguza watu. Nikarudi Ziwani na binti yangu mdogo. Nilirudi wakati mbaya. Kulikuwa na msimu ambao mvua ya mawe ilipiga upande mmoja wa barabara tu, kama iliyopimiwa kamba. Mahindi ya juu yalichanwa yakabaki vijiti. Nyanya za yule mjane zilisagika shambani kwa dakika ambazo hazitoshi kupika ugali. Kwetu hata jani la sukuma halikutoboka. Baba alivuka barabara na beseni, akaokota mawe ya barafu kwa mkono mpaka beseni likajaa. Akarudi, akatumbukiza chupa ya soda ndani yake, akaweka kiti mbele ya nyumba mahali ambapo mjane angemwona vizuri akiwa anaokota mabaki yake. Akainywa soda ile polepole. Mama aliingia ndani akafunga mlango.

Halafu mvua ikakataa. Msimu wa kwanza watu walisema imechelewa. Msimu uliofuata wakasema mwaka mbaya. Baadaye hawakusema kitu. Mifereji ya kaunti ilikauka. Nyufa za udongo zilipanuka mpaka binti yangu akawa anaangushia vijiti ndani kusikiliza vinakoishia. Ng'ombe wa mjane walianza kulala chini na kutoinuka.

Mjane alikuja kwetu mara ya kwanza na mitungi kwenye mkokoteni wa punda. Sasa alikuwa mama mtu mzima, mwenye kichwa chenye mvi chini ya kitambaa, lakini nilimwona bado ameshika pindo la pazia.

"Mzee," akamwambia baba, "nipe maji ya ng'ombe tu. Ya nyumba nitatafuta kwingine."

Baba alikuwa akimwagilia miti yake ya parachichi. Hakusimama. "Haya maji nilishayalipia," akasema.

"Nitakuletea maziwa."

"Nilishayalipia, mama. Muulize mtu wako huko aliko, aliyaona yakilipiwa."

"Si mimi niliyekataa siku ile."

"Ulikuwa umesimama hapo."

Mjane aliangalia ndoo iliyokuwa ikimwagwa kwenye mti. Punda naye aliiangalia, akanyoosha shingo. Baba akampiga punda mdomoni kwa kitako cha ndoo, si kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Mama alishindwa kuvumilia. Baba alipokuwa amelala mchana alifungua kisima kwa ufunguo aliomvua shingoni, akajaza mtungi, akaupitisha chini ya seng'enge ambako mjane alikuwa akingoja. Alifanya hivyo kwa muda. Niliona nikanyamaza, na mjane alikuwa akichukua bila neno, anashukuru kwa kichwa tu. Kisha siku moja baba aliamka mapema. Alimkuta mama amepiga magoti kwenye ua na mtungi umefika katikati, wanawake wawili wameushika kila mmoja upande wake.

Hakumpiga. Ningependa kusema alimpiga, ingekuwa rahisi kueleza. Alisimama karibu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Rudisha."

Mama akauvuta mtungi.

"Umwage."

"Baba yao, tafadhali. Tuurudishe basi kisimani."

"Nimesema umwage. Hapo hapo, akiona."

Mama aliumwaga. Maji yaliingia kwenye ufa mmoja mrefu yakapotea, hata udongo haukulowa juu. Mjane alibaki amechuchumaa upande wake mpaka mtungi ulipoisha, kisha akainuka akapangusa magoti. Ng'ombe wake wa mwisho alikufa kabla ya juma kuisha. Alimburuta kwa punda mpaka kando ya ua wetu akamwacha pale, na upepo wa siku zile ulitoka upande wake.

Nilimuuliza baba kama harufu ile haimsumbui akila.

"Nimekula na harufu mbaya zaidi," akasema.

Mvua iliporudi, ilirudi kama iliyokuwa imewekwa akiba. Mito yote ya huku iliijaza barabara, na kwenye simu tuliona picha za Ruiru, watu wakibeba magodoro vichwani, na mabwawa ambayo yalisemekana yanakaribia kufurika. Kwetu palikuwa na kitu kipya. Kwenye mteremko ambao zamani ulikuwa majani matupu sasa kulikuwa na ploti za watu waliohamia kutoka Nairobi, kila ploti na ukuta wa mawe kuizunguka. Maji hayakuwa tena na nafasi ya kutawanyika. Yalishuka kwenye vijia kati ya kuta, yakiongeza mbio, na vijia vyote viliishia kwetu.

Msingi wa baba ulisimama. Nyumba haikutikisika hata kidogo. Lakini maji yalipanda ngazi moja moja mpaka yakaingia mlangoni, kisha yakafika kwenye kitanda, na hayakuwa maji safi. Vyoo vya mashimo vya juu vilikuwa vimefurika, na vilivyokuwemo vilikuja navyo. Kulipopambazuka niliona kifuniko cha kisima hakionekani tena. Baba alisimama majini mpaka kiunoni akikitafuta kwa mguu, ameshika ufunguo shingoni.

"Tutoke," mama akasema. "Mtoto anatetemeka."

Tulishikana mikono, mimi, binti yangu mgongoni, mama, na baba nyuma, tukapanda tukishika kuta za watu. Tuligonga mageti kadhaa. Mengine hayakuwa na mtu, au waliokuwemo hawakutusikia. Mlango ulio wazi ulikuwa wa mjane. Alituona tangu mbali, akatungoja.

"Wewe ingia," akamwambia mama. "Na binti yako na huyo mtoto. Kuna moto jikoni." Akamgeukia baba. "Wewe utabaki hapo."

Baba aliangalia alipoonyeshwa. Kulikuwa na zizi tupu la ng'ombe, mabati yake yaling'olewa na upepo, zimebaki nguzo.

"Sawa," akasema.

Ndani tulipewa nguo kavu na chai. Binti yangu aliketi karibu na moto akiuliza, "Guka haingii?" Guka ni babu kwetu. Nilimwangalia mama. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili akitazama mvuke. Nilijua kwamba mama akisema neno moja tu mjane angekubali, kwa ajili ya ile mitungi. Mjane pia alijua, maana alikuwa akimtazama na kungoja. Mama akanywa chai. Akaomba sukari zaidi.

Kwenye dirisha nilimwona baba amesimama katikati ya nguzo, mvua inampiga kichwani. Hakutafuta ukuta wa kujikinga nao. Nilichukua gunia la plastiki lililokuwa mlangoni nikatoka nalo.

"Nimekuletea hili, jifunike."

"Lirudishe. Ni lao."

"Baba, una miaka mingapi? Utakufa hapa."

"Rudi kwa mtoto wako," akasema. Meno yake yalikuwa yakigongana na alijaribu kuyazuia nisiyasikie. Nililitundika gunia kwenye nguzo. Lilikuwa bado limetundikwa vilevile mvua ilipopungua na jua la alasiri kutokea.

Kikohozi cha baba kilianza tukiwa kanisani, ambako tulilazwa pamoja na familia nyingine zilizofurikiwa. Nimonia, walisema hospitalini Thika. Mama alikaa naye kila siku, akimlisha uji, akimgeuza, akimpangusa, na sijui walizungumza nini, kwa sababu nikiingia walinyamaza. Siku ya mwisho aliyokuwa na akili zake baba aliniuliza kisima kiko namna gani. Nikamwambia kimejaa uchafu wa vyoo, wataalamu wamesema kisitumike tena. Akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Angalau nao hawatakunywa."

Alikuwa amesema siku zote kwamba azikwe kwenye ile pembe ya juu, kando ya kaka yangu. Lakini maji hayakuwa yameondoka. Yalikuwa yameshuka kutoka kwenye nyumba yakabaki ardhini, na vijana walipochimba kaburi lilijaa kabla hawajafika kifuani. Wakachimba pembeni, likajaa. Mama akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakivaa upya vizuri, akapanda mteremko peke yake kwenda kwa mjane. Nilimfuata.

"Nimekuja kukuomba kipande kidogo," mama akasema. "Hapo kwenye ua wako, pakavu. Tutakulipa. Azikwe tu."

Mjane alikuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuyachambua. "Nitalimaje na yeye akiniangalia?"

"Nilikupa maji," mama akasema.

"Ulinipa. Na mimi nilikupa chai."

"Nilipiga magoti kwa ajili yako."

"Uliyamwaga," mjane akasema.

Mama akageuka. Tulipokuwa tukishuka sikumsikia akilia wala akihema. Alikuwa anatembea kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha jikoni.

Tulimzika baba majini. Hakuna namna nyingine ya kusema. Vijana walichota maji kwa ndoo wakati mchungaji akisoma, wakabadilishana zamu, na walipoteremsha jeneza maji yalikuwa yamerudi mpaka magotini. Jeneza likaelea. Liligeuka kidogo, likagonga ukuta wa kaburi, likagonga upande wa pili. Mchungaji akaacha kusoma. Wenzake wa zamani wa machimboni, wazee wenye mikono kama yake, walinong'onezana, wakaenda nyuma ya nyumba kwenye mabaki ya mawe yake. Wakayaleta moja moja, wakayapanga juu ya kifuniko mpaka jeneza likazama. Nilisikia mapovu. Binti yangu alikuwa amenishika mkono, naye aliyasikia.

Mjane alikuja. Alisimama upande wa barabara, amevaa nguo nzuri ya kanisani, hakuingia na hakuondoka mpaka tulipomaliza. Watu wa kanisa walimsalimu. Mama alipita mbele yake kama anapita mbele ya mti.

Nilipata kazi ya kushona kwa mama mmoja mwenye duka Ruiru, nikakodi chumba na sebule ghorofa ya tatu, nikamchukua mama. Ziwani tumelifunga. Madalali hunipigia simu, nawaambia maji hufika wapi, nao husema wataleta malori ya kifusi kuinua ardhi. Nikiuliza maji yatakwenda wapi wananiambia hilo si shida yangu. Mpaka sasa sijauza. Mama hataki, na hasemi kwa nini.

Msimu huu wa mvua nilienda Juja kununua vitambaa. Nikamkuta mjane kwenye kituo, amekalia mfuko, amekonda. Nilimsalimu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

"Mama yako anakula?" akauliza.

"Anakula."

"Hao wageni wamejenga ukuta mwingine juu yangu," akasema. "Mrefu. Maji yote yaliyokuwa yakipita kwenye kijia sasa yananigeukia mimi. Wiki iliyopita yaliingia zizini, kuku wote wakaenda. Nimewaambia hao watu waache tundu kwenye ukuta. Kijana mmoja akaniuliza kama nina karatasi za korti."

Hakuwa akiniomba huruma. Alikuwa akinipa habari kama mtu wa nyumbani, kwa sababu hakuna mwingine pale ambaye angejua maana yake. Nilimwambia pole. Mdomo ulisema pole, na ndani nilisikia kitu kitamu kikishuka kooni, kitamu hasa, na nikaogopa jinsi kilivyoshuka bila shida. Nilimlipia nauli. Sijui nililipa kwa ajili gani.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye kiti cha baraza akitoa njegere kwenye maganda, na bakuli magotini. Chini mtaani watu walikuwa wakipitia juu ya matofali yaliyopangwa kwenye maji. Nilimweleza niliyekutana naye na alichoniambia. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Maji yamefika dirishani?" akauliza.

"Hapana. Zizini tu."

Mama akapasua ganda lingine kwa kidole gumba, akatoa njegere, akaangalia kama zina wadudu.

"Bado," akasema.